Kalamu za Ukutani

Jumamosi, tarehe 2, mwezi wa tatu

Mvua ya kwanza. Imenikuta nimeshaanika mashuka yote ya nyumba ya wageni, na nimeyaanua yakiwa na madoa ya vumbi kama yamepigwa chapa. Nitayafua upya. Mke wangu alikuwa akisema mvua ya kwanza haioshi, inachafua tu halafu inaomba radhi.

Huu ndio msimu wa kwanza kuupokea bila yeye. Zamani mambo ya siku nilikuwa nikimwambia yeye jioni, huku nikikunja nguo. Sasa nayaandika.

Mama mkwe amechungulia kutoka chumba cha nyuma akaniuliza, "Baba, mbona unaongea peke yako?" Nimemjibu nahesabu mito. Sikuwa nahesabu mito.

Jumanne, tarehe 5

Wamekuja wasomaji, mume na mke, wametoka mbali. Kama kawaida wamesimama mlangoni kwanza, wakaona kamba, mabeseni na pasi yangu ya mkaa, wakadhani wamepotea.

"Samahani, hapa ndipo alipokuwa anakaa Mwandishi?"

Nikasema ndipo, karibuni, angalieni msikanyage mashati.

Watu wengi huniuliza ilikuwaje dobi akakaa katika nyumba hii. Mimi na mke wangu tulivisoma vitabu vyake vyote. Tulipokuwa wachumba tulikuwa na nakala moja ya kile cha karani wa mizani, tukiisoma kwa zamu, na kila mmoja akiacha uzi wa rangi yake pale alipofika. Mwandishi alipofariki, nyumba ikakaa tupu, hakuna aliyeitaka kwa sababu iko chini ya mteremko na ina giza. Sisi tuliipanga siku ile ile tuliyosikia. Chumba cha mbele ni kazi yangu na kitanda changu. Chumba cha nyuma ndimo mke wangu alimouguzwa na ndimo alimofia, na mama yake analala humo tangu mazishi.

Nyuma kabisa kuna kichochoro chembamba, halafu ule ukuta mrefu wa mawe unaozuia udongo wa mteremko usitushukie. Katika kichochoro hicho Mwandishi alikuwa anaweka kiti chake na kuandika. Kabla hajafa alisema redioni, kwa mzaha, "Nikifa msiniletee maua. Nileteeni kalamu, maana zangu huibwa." Kaburi lake liko kwao, safari ya siku nzima. Basi wasomaji huja hapa. Kila mmoja huleta kalamu na kuichomeka ukutani, katika vile vibomba vilivyojengewa humo. Kalamu zimejaa hadi zingine zimesukumwa ndani kwa vidole ili nyingine zipate nafasi.

Yule mke leo alilia. Nikamletea kiti. Mama mkwe akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kusikika, "Wanasema kuta zina masikio. Wetu una kalamu. Siku moja utatuandika."

Jumatano, tarehe 6

Mvua mchana kutwa. Hakuna kilichokauka.

Jumamosi, tarehe 9

Nimeona ufa. Unaanzia juu ya ukuta, unashuka kwa kukata kona kona, unapita kati ya vibomba viwili na kuishia kiunoni mwangu. Sijui ulianza lini. Nimeupitishia kidole nikakitoa kina udongo mbichi.

Nimemwita fundi mwashi, yule anayeitwa Pima Maji kwa sababu hatembei bila kile kifaa chake cha kupimia usawa. Amekiweka huku, amekiweka kule, amefumba jicho moja.

"Ufa wa uzee huu," akasema. "Hata mimi ninao." Kisha, kunituliza, akachukua vipande vyembamba vya kioo akavibandika kwa saruji kukatiza ufa, kimoja juu, kimoja chini. "Kioo hakivutiki wala hakipindiki. Ukuta ukisogea hata kidogo, kitavunjika. Kikiwa kizima, lala usingizi."

Baada ya yeye kuondoka nimevitazama vile vioo kwa muda mrefu. Chumba cha mama mkwe kiko hatua chache tu kutoka pale. Ukuta ukianguka, hauna pengine pa kuangukia.

Jumatano, tarehe 13

Vioo vizima.

Jirani yangu, fundi viatu, analalamika. Ukuta ni huo huo mmoja, unapita nyuma kwake pia, na vibomba vyake vinamwaga maji kama birika. Ua wake umekuwa mto.

"Wewe una bahati," akaniambia. "Kwako pakavu! Mwandishi wako anakulinda, mimi ananikojolea."

Nimekwenda kuangalia. Kweli, vibomba vyetu havitoi hata tone. Nimefurahi. Nimemwambia mama mkwe kwamba ukuta wetu ni mzima, hauvuji. Amesema, "Mm." Anapenda kusema hivyo akiwa hajakubali jambo.

Alhamisi, tarehe 14

Vizima.

Ijumaa, tarehe 15

Vizima. Nimeangalia asubuhi, mchana na kabla ya giza. Fundi viatu amenicheka, ati nimeoa vioo.

Jumanne, tarehe 19

Nataka kuandika jambo hili polepole ili nijue kama naliona au naliota.

Kapu langu la nguo ni lile lile alilosuka mke wangu. Kila siku hupita nalo kichochoroni nikielekea kwenye kamba za nyuma, na linapita bila kugusa huku wala huku. Leo limekwaruza. Nimerudi nikapita tena, nikiwa nimelishika sawasawa. Limekwaruza tena, upande wa mawe, hapo katikati.

Ukuta umeota tumbo.

Vioo ni vizima. Lakini tumbo liko pale, naliona nikiinamisha kichwa, kama shuka lililojaa upepo. Nimeweka kiganja juu yake. Ni baridi, na nadhani unatetemeka, au ni mimi.

Jioni nilimsomea mama mkwe, kama mke wangu alivyokuwa akifanya. Yeye hukaa nyuma ya pazia la mlango wake, mimi huku kwenye meza ya kupigia pasi. Hajui kusoma, na kila mara humsema Mwandishi: "Huyo bwana wako anazunguka! Si aseme tu kwamba karani kaiba?" Leo sikumsikia akisema. Nilikuwa nasoma huku masikio yangu yakiwa nyuma ya kichwa.

Ijumaa, tarehe 22

Nimejaribu kumwambia.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Si rahisi. Mimi ni mkwe wake. Katika miaka yote sijawahi kumwambia mama huyu fanya hivi au vile, na tangu marehemu aondoke tumezidisha heshima, kila mmoja anatembea kama amebeba yai. Na kile chumba si cha kumtolea mtu hivi hivi. Mto wa mwanawe bado uko kitandani.

"Mama, nilikuwa nafikiri… huku mbele kuna joto kidogo. Kwa ajili ya magoti yako. Tungeweza kubadilishana."

"Magoti yangu yana nini?"

"Baridi ya mvua, mama."

"Baridi nimeizoea. Wewe huku mbele una kazi yako, wateja wako, na vitabu vyako ukutani. Ukihamia nyuma vitatazamwa na nani?"

"Si lazima nihamie nyuma. Ningeweza kulala popote."

"Popote wapi? Darini na panya?"

Akacheka, nami nikacheka. Kisha akaniuliza, "Unaipenda sana nyumba hii, sivyo, baba?"

Nikasema naipenda. Ningesema nini? Nilidhani ananiuliza kama nitamwacha aendelee kukaa katika chumba cha mwanawe.

"Basi tutakaa," akasema.

Jumatatu, tarehe 25

Mvua. Mashuka ya wageni yameanza kunuka uvundo. Nimeyaanika ndani juu ya mkaa. Vioo vizima.

Jumatano, tarehe 27

Kioo cha juu kimevunjika. Katikati kabisa, kama kimekatwa kwa almasi.

Nimemkimbilia Pima Maji nikiwa na wanga mikononi. Amekuja mbio, na safari hii hakufanya mzaha juu ya uzee. Amesimama nyuma, akalitazama tumbo. Halafu akasogea kwenye vibomba, akachungulia, akavuta kalamu moja. Haikutoka. Akavuta nyingine, ikakatika.

"Nani kaziba hapa?"

Nikamweleza habari za wasomaji. Nilikuwa naeleza huku nasikia sauti yangu ikipungua.

"Ndugu yangu," akasema, "matundu haya si mapambo. Haya ndiyo pua za ukuta. Maji yote ya mteremko yanatakiwa yatokee hapa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kitu juu ya mwehu atakayeziba matundu." Akajipiga paji la uso. "Nami siku ile nilisimama hapa hapa, nikaona kalamu, nikadhani ni urembo wa kisomi."

Fundi viatu alikuwa na mto uani mwake, nami nikajiona mwenye bahati. Kumbe yale maji yake ndiyo yalikuwa uzima. Yetu yamo ndani, nyuma ya mawe, mvua ya karibu mwezi mzima, yamesimama yanasukuma.

Nikamwomba tuzitoe. Akakataa. "Sasa hivi ukichokonoa, unaweza kuling'oa jiwe moja likashuka na wenzake wote. Tungoje juma moja la jua, udongo ushuke, ndipo tutoboe taratibu kutoka juu. Na kabla ya hapo, msilale humu."

Msilale humu.

Alhamisi, tarehe 28

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa wasomaji, mwalimu mstaafu, aliye na hadhari hata katika kunywa chai. Nimemheshimu siku zote. Ndiye aliyetupokea mimi na mke wangu siku ya kwanza, akasema nyumba imepata wenyewe. Nilikwenda nikitaka aniambie, toka, chukua mama yako, nenda.

Nilimwomba awatangazie wasomaji wasilete kalamu kwenye kumbukumbu ya kifo cha Mwandishi mwaka huu, ambayo ni mwezi ujao.

Alivua miwani. "Mdogo wangu, zile ni salamu za watu. Kuna mtu aliuza kuku apate nauli ya kuleta ile kalamu. Unataka niwaambie salamu zao zinaua?"

"Zinaua, Mwalimu."

"Ukuta ule ulikuwepo kabla yetu. Mwandishi aliuegemezea mgongo miaka yote."

"Aliuegemea vibomba vikiwa wazi."

Akanimiminia chai nisiyoitaka. Wakati natoka alinishika bega, akasema, "Wewe bado uko msibani. Mfiwa huona kila kitu kinaanguka." Nilitembea hadi nyumbani mvuani, na kwa mara ya kwanza nilimchukia mtu anayependa kitabu nikipendacho.

Ijumaa, tarehe 29

Nimepata chumba cha kupanga ng'ambo ya barabara, nyuma ya mashine ya kusaga. Vumbi la unga, lakini tambarare, hakuna kilicho juu yake. Kitakuwa tayari Jumatano. Bado sijamwambia mama mkwe. Kila nikifika kwenye pazia nasikia akihema, nakumbuka mwanawe alivyokuwa akihema pale pale, na narudi kwenye pasi yangu.

Jumapili, tarehe 31

Kioo cha chini nacho.

Usiku wote nilikaa kwenye kiti nikimsoma Mwandishi ili nisisinzie. Nilikuwa natafuta sentensi moja tu ya kunipa ujasiri. Vitabu vyake vimejaa watu waoga wanaofanya jambo sahihi wakiwa wamechelewa. Zamani nilipenda hilo. Jana usiku nilitaka kumtikisa: ungeandika hata mmoja aliyewahi!

Jumanne, tarehe 2, mwezi wa nne

Naandika hapa kwenye gunia la pumba, kwa kalamu ya msagaji.

Mvua ilianza kabla ya mapambazuko na haikupumzika. Niliwasha pasi kwa sababu watu wa nyumba ya wageni walitaka mashuka yao, na kwa sababu mtu akiwa na kazi mkononi hofu humpitia pembeni. Mchana hivi, nikiwa katika foronya ya nne au ya tano, nikasikia hodi.

Haikuwa mlango wa mbele. Ilikuwa nyuma. Ko. Kimya. Ko, ko.

Nikasikia mama mkwe akiuliza, "Nani?"

Ko, ko, ko, ko. Kama watu wengi wenye haraka.

Nilipita kichochoroni nikaona, na naapa sitaona tena kitu kama kile. Kalamu zilikuwa zinaruka kutoka ukutani. Maji yalikuwa yanazisukuma kwa nyuma, moja moja, zinafyatuka kama mbegu kutoka kwenye kinywa, zinagonga mlango na dirisha la chumba chake. Nyekundu, buluu, nyeusi. Moja ilinipiga shavuni. Na kila iliyotoka ilifuatwa na uzi wa maji meusi, na juu ya yote ile sauti, kama mtu anayechana shuka jipya taratibu kutoka pindo hadi pindo.

Sikubisha hodi. Niliingia. Sijawahi kuingia chumba kile yeye akiwamo.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu vyake vya safari, vimefungwa kamba. Furushi lake liko mapajani. Amejitanda vizuri.

"Mama, tutoke!"

"Twende," akasema, akasimama.

Nikamuuliza, "Mbona umevaa viatu?"

"Tangu siku yule fundi alipobandika vioo vyake nalala na viatu. Unadhani mimi ni kipofu? Nimesikia mawe yakisaga meno kabla yako."

"Kwa nini hukuondoka?"

"Nikuache na nani? Mwanangu aliniambia, mama, mume wangu usimwache peke yake katika nyumba ile, anaipenda kupita kiasi. Nikakuuliza, ukasema unaipenda. Basi nikavaa viatu nikakungoja."

"Mimi nilikuwa nakungoja wewe! Nilidhani huwezi kukiacha chumba cha marehemu."

Alinitazama kwa macho makali niliyokuwa nikiyaona kwa mke wangu tukigombana.

"Chumba? Mwanangu yumo chumbani? Hebu nipishe, mjinga wewe, tutakufa kwa adabu!"

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko kapu. Tulipita chumba cha mbele, vitabu vyote viko pale ukutani, vyake vyote, na nyuzi zetu ndani. Sikusimama. Lakini mkono wangu mmoja, sijui ni mazoea gani, ulizoa mashuka ya wageni mezani. Tulivuka barabara hivyo, mama mkwe mgongoni, mashuka kifuani, yeye akinipigia kelele sikioni, "Gari! Gari upande huu!"

Nikamwita fundi viatu kwa sauti. Alitoka na kiatu kimoja cha mteja mkononi, akatufuata.

Tulikuwa chini ya bati la mashine ya kusaga ukuta ulipokuja. Haukuanguka kama nilivyofikiri. Ulipiga magoti kwanza. Kisha mteremko wote ukaingia nyumbani kupitia nyuma na kutokea mbele, umebeba mlango, kitanda, kamba zangu. Kwa fundi viatu ukuta ulibaki umesimama.

Msagaji alizima mashine.

Mama mkwe alikuwa bado mgongoni. Nikasikia anatetemeka, meno yanagongana, nikajua kwamba alikuwa anaogopa siku zote hizi, huko nyuma ya pazia, akisema "Mm."

Jumatano, tarehe 3

Tumehamia. Amelala saa nyingi, na viatu miguuni. Sikumvua.

Jumapili, tarehe 7

Mwalimu amekuja. Suruali imejaa tope hadi magotini. Alikuwa ametoka kusimama pale kwenye udongo.

"Nani aliumia?"

"Hakuna."

Aliketi juu ya gunia. Kisha akasema, "Mke wangu naye alikuwa akimsoma. Nilichomeka kalamu yake mwenyewe baada ya yeye kufa. Ni ya mwanzo kabisa mle. Ndiyo maana sikutaka kusikia."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali tangu Jumanne. Yakaondoka yote. Mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza, akamwambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua, baba. Humu ndani tumejaa wafichaji. Kunywa chai."

Jumamosi, tarehe 20

Leo ndiyo kumbukumbu. Mwalimu amesimama tangu asubuhi mwanzoni mwa mtaa na mwavuli wake, akiwazuia wasomaji. Anawaambia wasichomeke chochote popote, wakae barabarani wasome kwa sauti kisha warudi makwao. Wengine wamekasirika. Mmoja amemwita msaliti. Ameinamisha kichwa, akaendelea kusimama.

Yule mke aliyelia mwezi wa tatu amekuja na mumewe. Wamesikia. Ameniletea nakala yake ya kile cha karani wa mizani, imechakaa, ina jina lake ndani. Nimekataa mara mbili, mara ya tatu nikapokea.

Nilidhani sitaweza kukifungua. Nilikuwa nimeshamwogopa Mwandishi, kama mtu anavyoogopa mbwa wake mwenyewe baada ya kung'atwa. Lakini sentensi ya kwanza iko vile vile, imetulia vile vile, na sikuweza kutokuipenda. Alifanya mzaha redioni. Sisi ndio tuliopenda bila kuuliza maji yatapita wapi.

Alasiri nikamsomea mama mkwe. Chumba hiki hakina pazia bado. Anakaa mbele yangu, namwona uso. Nimegundua kwamba midomo yake hunitangulia kuyataja maneno.

Nilipofika pale karani anapofungua ghala, bati likaanza kulia. Matone machache, kisha mengi. Nikaendelea mistari miwili hivi, sauti yangu ikapotea.

"Mbona umenyamaza?"

Nikamwambia, "Mama, naogopa."

Hakusema "Mm." Alitazama juu kwenye bati, akatazama kuta zote nne, moja moja.

"Hata mimi," akasema. "Soma, lakini tusogeze viti mlangoni."

Tukavisogeza.